Uzito Kwenye Buti la Javelin

Mimi, Marquel Gaddis, sijawahi kufungwa mdomo na mtu yeyote kwa habari za magari ya filamu. Niulize gari gani liliruka reli huku treni inakuja, gari gani lilipita katikati ya duka la vioo likatokea upande wa pili bila mkwaruzo, gari gani stelingi aliliacha likiwaka moto huku yeye anatembea taratibu kama anaenda kununua maziwa. Nitakujibu kabla hujameza mate. Barabara nzima ya Woodward, kutoka Ferndale mpaka Pontiac, wazee kwa vijana, hakuna aliyewahi kubishana na mimi akaondoka na heshima yake.

"Marquel," bibi akasema, "funga mdomo unishushie kiti."

Nikafunga.

Bibi hahesabiwi. Bibi ni kama mvua: husemi mvua imekushinda, unasema tu umelowa.

Ilikuwa ile Jumamosi ya Agosti ambayo kila mwenye gari la zamani huku kwetu Michigan hulitoa gereji, akalifuta kwa kitambaa laini kuliko anachomfutia mwanawe, akalileta Woodward litazamwe. Jua lilikuwa halijakasirika bado, lakini viti vya kukunja vilishapangwa kwenye nyasi za ukingoni kana kwamba kuna harusi, na hewa ilinuka petroli na vitunguu. Bibi Odessa alikuwa ameingiza gari lake aina ya Javelin kwenye uwanja wa mkahawa wa soseji, mstari wa mbele kabisa, chini ya bango, pale pale alipokuwa akiegesha babu Lucius tangu mimi sijazaliwa. Akafungua boneti. Akakaa kwenye kiti chake, uso kuelekea barabarani.

Kwetu boneti ni mlango wa nyumba. Ukiikuta wazi, karibu, uliza, tia pua. Ukiikuta imefungwa, pita zako.

Yale magari ya misuli, yaliyotengenezwa ili vijana wa zamani wachome matairi kila taa ikigeuka kijani, yana koo zake. Kuna Mustang, kuna Charger, kuna Firebird. Hizo ni koo za kifalme. Javelin ni yule binamu anayealikwa harusini kwa sababu mama amesisitiza. Hata kampuni iliyomzaa ilishakufa ikazikwa. Ya bibi ilikuwa na rangi ya chungwa, siku hizi ni rangi ya ganda la chungwa lililosahauliwa juu ya friji, na mlango wake wa kulia haufunguki mpaka uuambie neno zuri. Lakini ikinguruma, ndugu yangu, vikombe vya kahawa vinahama mezani.

Basi ndiyo kwanza bibi amekaa, akaja mzee Norbert Jablonski, tunamwita Norb, mwenyekiti wa klabu yetu ya magari ya zamani. Alikuwa amevaa fulana yenye picha ya gari lake mwenyewe.

"Odessa, habari za asubuhi."

"Nzuri mpaka sasa."

Norb akakohoa. Mtu akikukoholea kabla ya kusema, jua anakuletea kitu ambacho yeye mwenyewe asingekipokea.

"Kuna jambo tulilipitisha kwenye kikao. Mwaka huu kalenda ya klabu ni ya magari ya filamu. Mpiga picha anakuja mchana. Kwa hiyo mstari wa mbele, ee, ni wa magari yaliyotoka kwenye filamu. Mengine nyuma." Sauti ikashuka kidogo. "Na itakuwa hivyo kila mwaka."

Nyuma maana yake ni uani kwa mkahawa, kando ya mapipa ya taka na lile tangi la mafuta yaliyokaangiwa viazi tangu enzi za mababu.

"Huko nyuma naona nini?" bibi akauliza.

"Unaona... uzio."

"Uzio ninao wangu nyumbani. Nautazama bure."

"Odessa, ni kanuni."

"Ita kreni, Norbert. Ita polisi. Ita jeshi la taifa na mizinga yake. Mimi sihami."

Watu waliosikia wakacheka. Mimi sikucheka, na mimi hucheka hata msibani. Niliona jinsi alivyoshika mikono ya kile kiti. Tangu babu afariki bibi hatoki nyumbani ila kwa sababu nzito, na Jumamosi hii moja ndiyo iliyobaki kwenye zile sababu. Njiani tulipokuwa tunakuja aliniambia, macho yapo barabarani, "Tetesi nimezisikia. Siku wakinipeleka kwenye mapipa, ndiyo siku ya mwisho kuliwasha." Na bibi hajui mzaha. Mzaha mimi niliurithi kwa babu.

"Baraza!" nikapaza sauti. "Nataka baraza!"

Norb akafumba macho kama mtu aliyekanyaga kinyesi cha mbwa na viatu vipya. Lakini baraza likiitwa halikataliwi. Ni desturi ya uwanja huu. Mwenye hoja husimama mbele ya gari lake, boneti wazi, injini inanguruma. Maadamu inanguruma, neno ni lako. Wengine ruhusa yao ni kuuliza swali tu. Injini ikizimika, umemaliza, hata kama ulikuwa katikati ya neno. Ndiyo maana watu wetu hutunza kabureta kuliko wanavyotunza ndoa.

"Hoja ni nini?" akauliza Norb, kwa uchovu.

"Hoja ni kwamba mnasema nyinyi ni magari ya filamu. Haya, semeni. Tuyalinganishe moja moja, tuone nani anastahili mbele."

Wa kwanza alikuwa Daktari Fenwick, mtengeneza meno, mwenye Mustang ya kijani. Anatabasamu muda wote, nadhani ni tangazo la biashara. Akawasha. Mashine ikaitika kwa adabu kama mhudumu wa hoteli.

"Mabibi na mabwana," akaanza, "hili ndilo gari la mpelelezi asiyesema sana. Lile lililowakimbiza majambazi vilimani, magurudumu manne yote hewani. Hakuna kukimbizana kwa magari kulikowahi kufikia pale. Hakuna muziki, hakuna maneno, ni injini tu."

"Swali, daktari."

"Uliza."

"Ni hili lenyewe au ni ndugu yake?"

Tabasamu likapungua jino moja. "Ni mfano halisi. Kila nati."

"Sawa. Na hili la kwako, kilima cha mwisho kukipanda ni kipi?"

Akafikiri. Ni mtu mkweli, daktari, hapo sina la kumsingizia. "Kuna mwinuko kidogo wa kuingilia gereji yangu."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Daktari akazima mwenyewe.

Akafuata Sal Bommarito, fundi bomba, kifua wazi, mnyororo shingoni, na Firebird yake nyeusi yenye ndege wa dhahabu aliyetandaza mabawa juu ya boneti. Boneti ikiwa wazi yule ndege anasimama wima kama anaswali.

"Mimi sisemi mengi," akasema Sal, halafu akasema mengi. Kwamba stelingi wake aliwachezesha polisi wa majimbo matatu kama kuku. Kwamba aliruka madaraja yaliyovunjika huku anakula. Kwamba bibi harusi alitupwa ndani ya gari kupitia dirishani na shela halikuchanika. "Mustang ni gari la polisi, hata likiwa zuri vipi. Hili ni gari la mtu huru!"

"Swali, Sal."

"Nyamaza wewe."

"Ni swali tu, kaka. Mwezi uliopita pale njia panda ya Nine Mile, polisi alipokuwashia taa, mtu huru alifanya nini?"

Sal akageuka mwekundu. Mkewe, aliyekaa nyuma yake na mwavuli, akajibu kwa niaba ya familia: "Alilia."

"Nilikuwa na mzio!" akapiga kelele Sal. "Ilikuwa msimu wa vumbi la maua!"

Injini yake ikakohoa ikazimika yenyewe. Hata ndege aliona aibu.

Ikabaki Charger ya Norb, nyeusi tii, ndefu kama sentensi ya mwanasheria. Alipoiwasha, watoto wakaziba masikio. Norb akasimama na mikono nyuma, na niseme haki yake, alizungumza vizuri.

"Mnanicheka kwa sababu langu ni gari la wabaya. Sawa. Lakini bila wabaya filamu ipo? Yule mpelelezi wa daktari angemkimbiza nani, bibi yake? Charger ikitokea kwenye kioo cha nyuma, taa zimefumba, hakuna anayeuliza ni nani. Mustang inapendwa. Firebird inachekesha. Charger inaogopwa. Mimi nimekaa na hili gari tangu kijana, halijawahi kuguswa na punje ya mvua ya mawe. Rangi hii mnayoiona ni ya kiwandani."

Wakapiga makofi. Hata mimi kidole kimoja kilitaka.

"Swali, mzee Norb."

"Najua unalo."

"Gari la wabaya mwisho wake ni nini? Kila filamu?"

Norb akajifanya anafuta vumbi kwenye kioo.

"Linaanguka korongoni," nikamjibia. "Stelingi hafi, na gari la stelingi halifi. Linavunjika bampa kabla ya kona, likimaliza kona bampa limepona. Lakini la wabaya likipata hata pancha, ni mazishi. Kwa hiyo nisaidie, mwenyekiti: unataka gari la marehemu likae mbele kwenye kalenda, na la mama huyu anayepumua lipelekwe takani?"

Hapo uwanja uliwaka. Watu walipiga boneti za watu kwa viganja, jambo ambalo siku nyingine lingeleta ngumi. Norb akazima Charger, akanitazama kwa yale macho ya mtu anayetafuta jiwe la ukubwa unaofaa.

"Umemaliza kuuliza?" akasema. "Sasa ni zamu yenu. Washa."

Bibi akainuka, akaingia kwenye Javelin, akaiambia maneno yake, ikanguruma. Ina ugonjwa mmoja: ukiiacha bila mguu kwenye mafuta, inalala. Kwa hiyo bibi alibaki ndani anaikanyagia kidogo kidogo, na mimi nikasimama mbele, mapafu yamejaa.

"Angalieni," nikasema. "Haya magari matatu mliyoyasikia, lipi limefanya lolote kati ya yale mliyohadithiwa? Hakuna! Yamevaa nguo za marehemu. Yametembea kutoka gereji mpaka hapa, na kutoka hapa mpaka gereji, juu ya lami kavu, mwenye gari ameshika usukani kama ameshika yai. Hili la kwetu mnaliona limekunjamana? Limekunjamana kwa kuishi! Nasema magari ya misuli, misuli ni ya kubeba, si ya kupaka mafuta—"

"Swali," akasema Norb. "Limecheza filamu gani?"

"Nakuja huko."

"Fika."

Wote walinitazama, na bibi naye, kichwa nje ya dirisha, alinitazama. Kama ningesema hakuna, palikuwa na mapipa. Nilifungua mdomo nikiwa sijui kitakachotoka, na mdomo wangu, Mungu aubariki, haujawahi kutoka mtupu.

"Hamuijui," nikasema, "kwa sababu ilionyeshwa wiki moja tu, halafu jumba la sinema likaungua."

"Jumba lipi?"

"Lililoungua. Ilipigwa hapa hapa Detroit, kwenye lile daraja la kuinuka la mto Rouge. Stelingi ni mlinzi wa benki aliyesingiziwa. Wanamkimbiza, daraja linainuka, meli inapita chini, nyuma magari saba ya polisi. Anafanya nini? Anakanyaga! Gari hili hili, mnaloliona, likapaa juu ya meli mpaka nahodha akavua kofia."

"Wee!" akasema mtu.

"Na babu Lucius alilinunua baada ya filamu, kwa siri, kwa sababu ya mambo ya bima."

Mimi mwenyewe nilianza kuamini. Lakini Daktari Fenwick akainua kidole, tabasamu limerudi na meno yote.

"Swali. Injini ya gari kama hili ni nzito, iko mbele. Likiruka, pua hutangulia chini, linasimama kwa kichwa. Kila anayeelewa filamu anajua: gari la kuruka hutiwa uzito kwenye buti ili litue sawa. Kama hili liliruka, uzito wake uko wapi?"

Alidhani amenimaliza. Lakini nilipata baridi tamu mgongoni, kwa sababu nilikumbuka kilichomo kwenye buti la bibi.

Bibi naye alikumbuka nilichokumbuka. Niliona macho yake yanapanuka. Akarudisha kichwa ndani, akazungusha ufunguo, na Javelin ikazimika.

Umemaliza, desturi ikasema. Lakini desturi inazuia kusema, haizuii kutembea. Nikazunguka gari polepole, nikafika nyuma, nikainua mfuniko wa buti bila neno hata moja.

Mle ndani, juu ya ekseli, ilikuwa imelala mifuko miwili ya mchanga. Mikubwa, migumu kwa uzee, imekaa pale miaka mingi kiasi kwamba chuma kilikuwa kimebonyea kufuata umbo lake.

Wewe nikuambie, wale sikuwaambia. Ule ni mchanga wa theluji. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma likikutana na theluji hucheza mkia kama samaki kwenye ndoo, kwa hiyo watu wa huku tangu zamani hutia mchanga kwenye buti. Kila bibi katika jimbo hili anajua. Sasa utaniuliza, na wale wa klabu hawajui? Walijua, wamesahau. Magari yao hulala gereji majani yakianza tu kuanguka, yamefunikwa blanketi, betri zinalishwa kwa waya kama wagonjwa mahututi. Ukiwauliza mchanga kwenye buti ni wa nini, watakuambia filamu saba, hawatakuambia theluji ya Januari.

Watu wakaliinamia buti kama wako kanisani.

"Mungu wangu," akanong'ona daktari. Akasogea, akagusa mfuko kwa ncha ya kidole. "Umewekwa juu ya ekseli kabisa. Kitaalamu."

"Tazama chuma kilivyobonyea!" akasema Sal, keshapiga magoti. "Hiyo ni ya kutua. Hiyo ni kutua kabisa, hiyo."

Norb alisogea wa mwisho. Alitazama ile mifuko, akavua kofia, rangi ikamtoka usoni. Nikasema moyoni, tazama, hata adui ametoa heshima.

"Sawa," akasema kwa haraka. "Likae. Likae mbele. Baraza limekwisha. Funga hilo buti."

"Funga?" daktari akashangaa. "Norb, hili ndilo gari pekee la kweli kwenye uwanja huu! Sisi wote tuna sanamu. Hili lilikuwepo!" Akatoa simu akaanza kupiga picha. "Huu mchanga ni wa kawaida?"

"Kawaida?" nikasema. "Huo uliletwa kutoka California. Ni mchanga mzito maalumu. Hauruhusiwi siku hizi."

Mtu mmoja akaomba kiganja kidogo aweke kwenye chupa. Mwingine akaunusa akasema kweli, una harufu ya bahari. Sal akamwita mkewe aje apigwe picha karibu nao. Watu wakaanza kupanga foleni kwenye dirisha la bibi wakitaka kumshika mkono mjane wa mtu aliyelinunua gari la filamu kwa siri, na bibi akawa anasema, "Hapana, sikilizeni, hapana," na wao wanasema, tazama alivyo mnyenyekevu.

Nilikuwa nimekaa kwenye bampa, nimekunja nne, naeleza jinsi nahodha alivyovua kofia, wakati Lorraine, mke wa Norb, alipotoka mkahawani na sinia la soseji zilizomwagiwa rojo la nyama na haradali. Ni mama mnene, mchangamfu, sauti yake husikika hata akinyamaza.

"Kuna maiti?" akauliza. "Mbona mmeinamia buti hivyo?"

"Lorraine, rudi ndani," akasema Norb.

Mwanamke aliyeambiwa rudi ndani huwa anakuja mbio. Akapenya, akatazama. Sinia likainama, soseji moja ikadondoka kwenye kiatu cha daktari, na hakuna aliyejali.

"Jamani!" akasema. "Odessa! Dada yangu, bado unayo hii mifuko?"

"Lorraine, acha," bibi akasema kutoka kwenye usukani.

"Naacha nini? Mmoja una tundu pembeni, Norb alilitoboa kwa kiatu. Hili hapa! Mnaliona?"

Daktari akashusha simu. "Bwana Norb alikuwa kwenye filamu?"

"Filamu gani? Huyu alikuwa kwenye buti!"

Lorraine akaweka sinia juu ya paa la Firebird, Sal akafungua mdomo, mkewe akamkanyaga.

"Mwaka ule wa dhoruba," akasema Lorraine. "Nyie vijana hamkuwepo. Theluji ilifika madirishani. Tulikuwa tunaishi Hamtramck, ukuta kwa ukuta na Odessa na Lucius. Uchungu ukanishika. Tukapiga simu, gari la wagonjwa haliwezi kufika. Nikamwambia huyu bwana, toa gari. Akaniambia, Charger? Kwenye chumvi ya kuyeyushia theluji barabarani? Itaoza kwa kutu." Akamgeukia mumewe. "Ulisema au hukusema?"

Norb alikuwa anaisoma kofia yake.

"Lucius yuko kiwandani zamu ya usiku. Odessa akasikia ninavyopiga kelele, akatoka na koti juu ya nguo ya kulalia, akawasha hili hapa. Mchanga upo, lakini hautoshi, mkia unakwenda huku na huku. Akasimama katikati ya barabara ya Conant, akashuka, akamwambia Norb, wewe ni kilo ngapi? Ingia nyuma ukae juu ya mifuko."

"Aliingia?" akauliza Sal.

"Na pajama! Mfuniko wazi, ameshika kamba, theluji inamjaa masikioni, anaomba Bikira Maria kwa Kipolandi mpaka hospitali. Odessa alipita kila kona upande upande, sijaona hata kwenye hizo filamu zenu. Denise wangu alizaliwa kwenye ngazi za hospitali." Akamwelekea daktari. "Ule uzito unaoupiga picha, daktari, ni nyongeza tu. Uzito wenyewe ni huyu hapa mwenye kofia."

Kicheko kilichopasuka kiliwafanya hata waliokaa ng'ambo ya barabara wasimame kwenye viti vyao. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sekunde chache za mwisho za furaha yangu.

Daktari, ambaye ni mkweli mpaka anachosha, akakohoa. "Lakini basi... halijacheza filamu. Na kanuni inasema—"

"Daktari," Norb akamkata. Sauti ilikuwa ya chini. "Sogeza Mustang yako kidogo kule. Inamziba Odessa barabara."

Daktari akatafuta funguo.

Norb akaenda dirishani kwa bibi, kofia mkononi. Nilisogea nisikie. "Odessa," akasema, "unaweza kubaki mbele."

"Sikuwa nimehama, Norbert," bibi akasema. Akafungua mlango, akarudi kwenye kiti chake cha kukunja, akakiburuta nusu hatua mbele zaidi, mpaka vidole vya miguu vikagusa nyasi za barabara, akakaa. "Na hiyo kalenda yenu, mkitaka kunipiga picha, mje na keki."

Nikaona ni wakati mzuri wa kuondoka. Kazi imekwisha, bibi amebaki mbele, mtu mwenye hekima hasubiri hesabu. Nilikuwa nimeshafika nyuma ya Charger, nimeinama kidogo, natembea kama mtu aliyeangusha sarafu.

"Wewe! Marquel!"

Uwanja mzima ukageuka. Lorraine alikuwa amesimama mikono kiunoni, na nyuma yake yule bwana wa chupa alikuwa ameishika chupa yake ya mchanga anaitazama kwa mashaka.

"Naam, mama Lorraine."

"Nimesimama pale dirishani kwa mkahawa tangu ulipoanza kuongea. Nimesikia mto Rouge, nimesikia meli, nimesikia California. Mimi nimepanda hili gari likiwa jipya, babu yako alilileta nyumbani kutoka dukani na nailoni ikiwa bado kwenye viti. Haya, njoo hapa katikati, mbele ya bibi yako na watu wote, utuambie vizuri: nahodha alivua kofia gani?"